Majina Yasiyoandikwa Katika Nasaba

Katika sanduku la msaji alilorithi shangazi yangu kwa baba yake, chini ya kanzu mbili za sikukuu na chupa ya marashi iliyokwisha kukauka, ipo karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo wino wake umegeuka rangi ya kahawa kwa umri, na juu yake imeandikwa kwa hati ya Kiarabu nasaba ya mlango wetu: fulani bin fulani bin fulani, majina 11 yaliyopangwa moja juu ya jingine kama vipandio vilivyochongwa katika shina la mnazi. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kuyasoma majina yale kwa moyo, na mtoto aliyeruka jina moja alirudishwa chini aanze upya, kwa kuwa wazee wetu waliona kwamba mtu asiyeweza kuwataja waliomtangulia ni mtu asiye na asili wala fasili. Karatasi ile nimeiheshimu maisha yangu yote, na ninaiheshimu hata leo. Lakini mwaka jana niliikunjua tena barazani kwa shangazi, pamoja na karatasi nyingine mpya niliyotoka nayo hospitali, na nilipoziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu juu ya mkeka ndipo nilipotambua ni watu wangapi wa nyumba yetu ambao hawakupata kuandikwa popote.

Karatasi ya pili ilikuwa na sababu yake. Mjukuu wa kike wa shangazi, aliyekuwa ametimiza miaka minne, alipimwa damu akaonekana ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita sikoseli. Na daktari aliyempokea, mwanamke mpole asiyekuwa na haraka, hakuanza na dawa. Alichukua kalamu, akapindua fomu upande wa nyuma, akachora. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Mstari wa kulala unaowaunganisha ni ndoa, na ikiwa ni mistari miwili sambamba, basi ni ndoa ya watu wa damu moja, kama vile mtu na binti ami yake. Mstari ushukao ni uzazi, na watoto hupangwa chini yake kutoka kushoto kwenda kulia kwa kadiri walivyofuatana kuzaliwa. Mwenye maradhi hujazwa wino wote; mwenye kuyabeba asiugue hujazwa nusu; aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Alipokwisha kumchora mtoto na baba yake na mama yake, aliinua kichwa akaniuliza mambo matatu: ni nani katika ukoo waliofariki wakiwa wadogo, na waliugua nini, ni nani waliooana hali ya kuwa ni ndugu, na kina mama, na mama za kina mama hao, walikuwa watu wa wapi na walizaa wangapi. Mimi niliyekuwa na majina 11 kichwani, niliyeweza kuyatiririsha pasipo kuvuta pumzi, sikuwa na jibu la hata swali moja.

Nasaba za pwani yetu si kitu cha kubezwa, na mwenye kuzidharau hajui zimefanya kazi gani. Kwa nasaba yaligawanywa mirathi. Kwa nasaba walichaguliwa wachumba walio kufu. Kwa nasaba masharifu wa Lamu waliziunganisha nyumba zao na mabonde ya Hadhramaut, na koo za Washirazi zikahifadhi kumbukumbu ya ng'ambo walikosema wametoka. Lugha yenyewe ni shahidi, maana Kiswahili kina jina la mjukuu, na la kitukuu, na la kilembwe, na la kilembwekeza, na watu wasiojali uzao wao wasingalijisumbua kuyatunga majina hayo. Ila nasaba hizi hupanda kwa kamba moja tu, kamba ya baba. Mtu ana wazazi wawili, na wazazi wa wazazi wanne, na nyuma yao wanane, na hesabu hujizidisha hivyo hivyo, hata akifika kizazi cha 11 nyuma yake nafasi huwa 2,048, na vizazi vyote hivyo vikijumlishwa huwa nafasi 4,094, ingawa katika miji yetu, ambamo ndugu huoana, mtu mmoja aghalabu hukalia nafasi mbili au tatu. Karatasi ya babu zangu imetaja 11 kati ya hizo. Wanawake wote wamenyamaziwa, na wanaume waliowazaa wanawake hao wamenyamaziwa pamoja nao. Na mwanamke akitokea kutajwa katika masimulizi ya ukoo, nasema haya kwa masikitiko, mara nyingi hutajwa pale panapotafutwa wa kubeba lawama.

Wala si kwamba wazee hawakupata mwanga wa jambo lenyewe. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Sahihi zote mbili, habari ya mtu wa Banu Fazara aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na ndani ya maelezo yake mlikuwa na tuhuma. Mtume alimuuliza kama ana ngamia, akasema anao. Alimuuliza rangi zao, akasema ni wekundu. Alimuuliza kama hamna miongoni mwao wa kijivu, akakiri kuwa wamo. Alimuuliza hao wametoka wapi, naye akakisia kwamba huenda ni mshipa uliowavuta. Basi akaelezwa kwamba huenda mwanawe naye amevutwa na mshipa. Darsani nimeisikia habari hii mara nyingi ikisomeshwa kama hukumu ya kutomtuhumu mke pasipo ushahidi, na ndivyo ilivyo, lakini ndani yake imo pia elimu ya urithi: kwamba sifa yaweza kukaa kimya kwa baba na kwa mama, na kwa babu na kwa bibi, kisha ikadhihiri kwa mtoto ambaye hakuna aliye hai anayefanana naye. Bedui yule aliwajua wazazi wa ngamia wake kuliko alivyowajua wa mkewe. Ningeomba msomaji aukumbuke mshipa huo, kwa maana tutaurudia.

Huko Ulaya mmoja wa watu wa kwanza kuufuatia mshipa kwa kalamu, kizazi kwa kizazi, alikuwa Mfaransa Pierre Louis Maupertuis, aliyeongoza Akademia ya Berlin zama za mfalme Frederick wa Pili. Katika mji ule alikuwapo mganga wa upasuaji, Jacob Ruhe, mwenye vidole sita katika kila mkono na kila mguu, na Maupertuis, badala ya kumstaajabia kama walivyofanya wengine, alimuuliza habari za kwao. Katika barua zake zilizochapwa mwaka 1752 alieleza kuwa Ruhe alivipata vidole hivyo kwa mama yake, naye mama alivipata kwa mama yake, mwanamke wa Rostock. Kwamba mama huyo, aliyeolewa na mwanamume wa vidole vitano, alizaa watoto wanane, na wanne kati yao walikuwa na vidole sita. Na kwamba Ruhe mwenyewe, alipooa mwanamke asiye na alama hiyo, alipata wana wawili wenye vidole kama vyake. Wanazuoni wa zama zile walikuwa wakishindana, hawa wakisema kiumbe mzima hukaa tayari katika mbegu ya baba, hawa wakisema hukaa katika yai la mama. Na familia moja ya Berlin, kwa kuhesabiwa vidole tu, ilitosha kuonyesha kwamba wote wawili, baba na mama, hutoa.

Kwa maradhi ya kutokwa na damu isiyokoma, hemofilia, mshipa ulipita mahali pa siri zaidi. Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alikwisha kuandika juu ya kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakifa kwa jeraha dogo, damu ikikataa kusimama. Mwaka 1803 tabibu John Conrad Otto wa Philadelphia alieleza habari za familia moja iliyotokana na mwanamke aliyekuwa amehamia New Hampshire wapata miaka 80 kabla ya hapo, akabainisha kwamba wanaougua ni wanaume, na wanaourithisha ugonjwa ni wanawake wasiougua kabisa. Karne hiyo hiyo jambo hili likaingia katika majumba ya wafalme. Malkia Victoria wa Uingereza alizaa watoto tisa. Mmoja, Leopold, alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, akiwa na umri wa miaka 30. Na mabinti wawili, Alice na Beatrice, waliubeba ugonjwa bila ya wao kuugua, wakaufikisha kwa wajukuu, hata ukaingia Hispania na Urusi, ambako Alexei, mrithi wa kiti cha Tsar, alizaliwa mwaka 1904 akiwa nao. Nasaba za wafalme ndizo nasaba zilizoandikwa vizuri kupita zote duniani, na wanawake wamo ndani yake kwa kuwa ndoa zao zilikuwa mikataba ya dola, na ndiyo sababu mshipa huu unasomeka bayana mpaka leo. Kama wangeandikwa wanaume peke yao, kama tulivyofanya sisi, Leopold na Alexei wangeonekana kama watu wawili waliopatwa na msiba mmoja kwa nasibu.

Kanuni ya mambo haya ilikwisha kupatikana katika bustani. Mtawa Gregor Mendel, katika mji wa Brünn, alichapa mwaka 1866 matokeo ya kuzalisha njegere, akionyesha kuwa sifa iliyopotea katika kizazi cha kwanza hurudi katika cha pili kwa kadiri ya mmoja katika kila wanne. Dunia haikumsikiliza hadi mwaka 1900, na miaka miwili baadaye tabibu wa London, Archibald Garrod, aliyekuwa akiwachunguza watu ambao mkojo wao hugeuka mweusi ukikaa hewani, aliona kwamba wengi wao walizaliwa na mtu na binamu yake, akashauriana na mwanazuoni William Bateson, na wote wawili wakatambua kuwa ile kanuni ya njegere imo pia ndani ya binadamu. Kwetu sisi, ambao kuoa binti ami kumehesabiwa kuwa ni kuihifadhi mali na heshima isitoke mlangoni, habari hii ina uzito wake. Watu wasio ndugu waweza kubeba kasoro mbalimbali, huyu hii na yule ile, zisikutane. Ndugu wawili wameteka katika kisima kimoja. Simhukumu aliyeoa kwa ami yake, maana hata wazazi wa baba yangu walioana hivyo.

Selimundu ni ya mlango huo huo wa sifa zinazojificha. Jina lenyewe limetokana na umbo: mwaka 1910 tabibu James Herrick wa Chicago alieleza kuhusu mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake nyekundu za damu, zinazopasa kuwa mviringo, zilikuwa zimepinda kama mundu wa kuvunia. Chembe zilizopinda hivyo hukwama katika mishipa myembamba, zikaleta maumivu ya mifupa yasiyoelezeka, na hufa upesi, kwa kuwa chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120 hali hizi hazifiki hata 20, na mtoto akabaki amepungukiwa na damu, macho manjano, wengu limevimba. Mwaka 1949 James Neel nchini Marekani aliwapima wazazi wa wagonjwa, akawakuta wote, baba na mama, wanabeba nusu ya sifa ile wao wakiwa wazima. Na mwaka huo huo tabibu E. A. Beet alifikia jambo hilo hilo kwa kuzichunguza familia za Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, Vernon Ingram akaonyesha huko Cambridge kwamba tofauti yote, kutoka uzima hadi maumivu yale, ni kiungo kimoja tu kilichobadilika katika himoglobini. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina bahati yake pekee: sehemu moja katika nne mtoto atakuwa mgonjwa, mbili katika nne atakuwa mbebaji mzima kama wazazi wake, na moja katika nne hatakuwa na chochote. Kufariki kwa mtoto wa kwanza hakumkingi wa pili, na jambo hili wazazi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kuzika wawili.

Sasa nimtaje mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyonitia moyo kuandika makala hii. Felix Konotey-Ahulu ni tabibu wa Ghana, mtu wa Krobo, na wazazi wake wote wawili walikuwa wabebaji. Aliporudi kwao na elimu ya hospitali alikuta kwamba watu wa Afrika ya Magharibi walikuwa wameujua ugonjwa huu na kuupa jina muda mrefu kabla ya Chicago: Waga wa Ghana huuita chwechweechwe, neno linalojirudia kama maumivu yenyewe yanavyojirudia ndani ya mfupa. Maadamu ugonjwa una jina lake, wagonjwa wake hukumbukwa kwa jina hilo; na maadamu wazee wa ukoo wake walihifadhi kumbukumbu za waliougua pamoja na za waliotawala, aliweza kuketi nao akaupanda ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, majina ya wagonjwa yakitajwa, hata akafika mwaka 1670. Msomaji asimame kidogo hapo. Miaka 240 kabla ya Herrick kuiona ile chembe iliyopinda, watu wasio na hadubini wala daftari walikuwa wanajua kwamba maumivu ya majira ya mvua na baridi hufuata nyumba fulani, na waliwakumbuka wenyewe wenye maumivu kuwa ni watu wao.

Sisi wa pwani hii hatukuwa na jina moja. Viungo vikiuma kipupwe, tuliita baridi yabisi. Mtoto akipauka, tukaita safura. Macho yakigeuka manjano, tukaita manjano. Akipatwa na homa akashtukashtuka, tukasema amepatwa na dege. Na akifa baada ya hayo yote, tukasema jicho la hasidi. Ugonjwa mmoja uligawanywa mafungu matano, na kila fungu likawa na mganga wake, kwa hiyo hapana aliyeona kwamba ni mshipa mmoja.

Nilipofika kwa shangazi, Pangani, alikuwa ameketi juu ya mkeka akisuka ukili wa miyaa iliyotiwa rangi, mguu mmoja ameunyosha, mwingine ameukunja, ukili umezungushwa kando yake kama chatu aliyelala. Nilimwamkia, akaniitikia bila ya mikono kusimama. Nikamweleza nilichoagizwa na daktari, nikatandika karatasi, nikamuuliza mama yake, ambaye ndiye mama wa baba yangu, alizaa watoto wangapi. Nilitazamia aseme watano, kwa kuwa watano ndio niliopata kuwajua.

"Tisa," alisema. "Wanne tuliwazika."

Kisha mikono ikasimama. Akanitajia jina la wa kwanza, mwanamume, aliyevimba viganja na nyayo kabla hajajua kutambaa, vidole vikanenepa kama maandazi yaliyoumuka, analia akiguswa na analia akiachwa. Akanitajia wa pili, mwanamke, ambaye macho yake yalikuwa rangi ya binzari, na ambaye kila kipupwe alikuwa akiomba asuguliwe miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Shangazi mwenyewe, akiwa na miaka saba au minane, ndiye aliyekuwa akimsugua. Wa tatu na wa nne walifariki kwa homa, mmoja akiwa hajaachishwa ziwa. Kila alipotaja jina nilichora, duara au mraba, nikakata mshazari, na yeye alikuwa akiufuata mkono wangu kwa macho. Alipomaliza aliniambia jambo ambalo baba yangu hakupata kulisema katika uhai wake: kwamba baada ya msiba wa nne watu wa upande wa babu walisema mke huyu ana nuksi, tumbo lake halikai watoto, na babu akaoa mke wa pili, mgeni kutoka Bagamoyo, ambaye wanawe wote sita walikua, na kukua kwao kukafanywa kuwa ndio ithibati kwamba kasoro ilikuwa kwa yule wa kwanza.

Nilimweleza, kama daktari alivyonieleza, kwamba watoto wale wawili wenye dalili zile, kama waliugua sikoseli, basi hawakuweza kuugua ila kwa kupokea pande zote mbili. Kwamba babu na bibi, waliokuwa watoto wa ami na ami, huenda waliubeba mshipa ule kutoka kwa babu yao mmoja. Na kwamba mke wa pili yaelekea alikuwa hana kabisa, ndiyo maana wanawe hawakuugua, hata kama babu aliendelea kuwarithisha nusu. Nikachora mistari miwili sambamba kati ya babu na bibi. Nikajaza nusu ya duara la bibi. Nikajaza nusu ya mraba wa babu. Shangazi alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema kwamba mama yake alifariki akiamini maneno yale.

Hesabu ya watoto kama wale wanne imo hata katika kazi za wataalamu, kwa anayejua kuitafuta. Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu wa Afrika ya Mashariki, akaona kwamba wabebaji wa selimundu ni wengi pwani na kandokando ya ziwa Victoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Na mwaka 1954 alitoa hoja, iliyokuja kuthibitika, kwamba nusu ile ya sifa humkinga mtoto na malaria iuayo, kwa hiyo penye mbu wengi wabebaji hubaki hai, wakazaa. Kwa Waamba wa magharibi ya Uganda wabebaji walifikia karibu wawili katika kila watu watano. Ndugu zangu hupenda kusikia kwamba damu hii ni ngao, na kweli ni ngao, lakini bei yake hulipwa na mwingine. Huko Musoma, Allison alipima watoto wachanga 287 akawakuta 9 ni wagonjwa. Akapima watu wazima 654 akawakuta 5. Kama wagonjwa wangekuwa wanakua kwa kadiri ya wenzao, wale watu wazima wangalikuwa wapata 20. Hao 15 wasioonekana ndio wale ambao barazani hatuwataji. Leo inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka na ugonjwa huu, na tangu mwaka 2004, katika hospitali ya Muhimbili, kwa juhudi ya Profesa Julie Makani na wenzake, wagonjwa wamekuwa wakifuatwa mmoja mmoja kwa miaka mingi; mtoto wetu naye, kwa dawa na kwa kuchungwa asipatwe na baridi na homa, anakwenda chekechea.

Ningekuwa mdanganyifu kama ningenyamazia ya kwamba mti wa ukoo umepata pia kushikwa na mikono ya dhuluma. Mwaka 1912 Mmarekani Henry Goddard alichapa kitabu juu ya familia aliyoibandika jina la Kallikak, akidai kwamba askari mmoja alizaa na msichana wa kilabu cha pombe kizazi cha wapumbavu na wahalifu, kisha akaoa mwanamke wa heshima akazaa naye kizazi cha watu bora. Na lawama yote, kama kawaida, ikatuliwa juu ya yule msichana asiyetajwa jina. Wachunguzi wa baadaye walipozifungua kumbukumbu waliona kuwa mtu aliyehesabiwa kuwa mtoto wa haramu wa askari yule hakuwa mwanawe kabisa. Lakini maneno yalikwisha kuenea. Na Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1933, watu wapatao 400,000 walikatwa uzazi, wengi wao kwa hoja ya nasaba zao. Mwaka ule ule, Nairobi, walowezi waliunda jumuiya ya kuchunguza ubora wa jamii za watu, wakidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa asili. Na hata pasipo wageni hao, sisi wenyewe tumewahi kumfukuza mama aliyezaa mtoto mwenye ualbino, ilhali wataalamu walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1990, kwa kupima damu za Watanzania, kwamba ualbino ulioenea kwetu hutokana na upungufu katika jeni moja, nao humfika mtoto kutoka kwa baba na mama sawasawa. Mke wa yule bedui wa Banu Fazara angali yupo katika vijiji vyetu, na aliyemtuhumu hajaulizwa habari za ngamia wake.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi niondoke, shangazi akanishika kanzu. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka 26, alikuwa amemposa binti wa mjomba wake mdogo, yaani mjukuu wa yule mke wa pili wa babu, na wazee, waliposikia habari ya ugonjwa wa mtoto, walikuwa wamekwisha kutoa shauri: kijana akapimwe damu, kwa kuwa yeye ametoka katika nyumba ya bibi wa kwanza, binti hana haja, nyumba yao ni safi, haikuzika mtoto. Shangazi aliniambia nikunjue tena. Akaweka kidole chake, chenye rangi ya miyaa, juu ya mraba wa baba yake uliojazwa nusu, akakiteremsha polepole kwa mstari wa kushoto mpaka kwake mwenyewe na mwanawe, akakirudisha juu, kisha akakiteremsha kwa mstari wa kulia mpaka kwa yule binti.

"Huyu aliingia nyumba zote mbili," alisema. "Basi na waende wote wawili."

Walipanda basi la alfajiri Jumatatu iliyofuata, binti amekaa dirishani, na mama yake, aliyekuwa amenuna siku mbili, akawatilia vitumbua vya njiani. Majibu waliyoyapata ni amana yao, sitayaandika hapa. Karatasi yetu ya pili, baada ya shangazi kunitaka niandike majina ya wale wanne kwa wino mzito pembeni ya alama zao, aliikunja mara nne kama ile ya kwanza, akaitia sandukuni chini ya kanzu.